Siku za Mvua na Siku za Mbegu: Kuchagua Mahindi ya Kupanda Kandokando ya Mlima Kenya

Uamuzi mkubwa wa mkulima wa mahindi katika kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru hufanyika kabla jembe halijagusa shamba, nao ni uamuzi wa mbegu. Mbolea iliyopungua inaweza kuongezwa mahindi yakiwa yamefika magotini, na palizi iliyochelewa inaweza kufidiwa kwa kiasi fulani, lakini mbegu ikishafukiwa haina marekebisho mpaka msimu mwingine. Hata hivyo uamuzi huo aghalabu huachwa mpaka wiki ya mwisho, mvua ikiwa imeshaanza kunyesha na foleni imefika nje ya mlango wa agroveti, na mnunuzi huondoka na pakiti iliyobaki rafuni au ile aliyosikia ikisifiwa kanisani na mtu wa kijiji cha pili. Sifa ya namna hiyo ina thamani ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa penye mlima kijiji cha pili chaweza kuwa mita mia tatu juu au chini, na mita mia tatu kwa muhindi ni nchi nyingine.

Sababu ni joto. Kadiri mtu anavyopanda mlima, joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi ya selsiasi au zaidi kidogo kwa kila mita 100. Nyanda za Mwea ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mji wa Embu karibu mita 1,350, Kerugoya karibu 1,550, Nyeri karibu 1,750 na Nanyuki karibu 1,950, huku mashamba ya juu ya Tetu na Mathira, yanayopakana na misitu ya Aberdare na ya Mlima Kenya, yakipita mita 2,000. Kati ya Mwea na Nanyuki, safari ya asubuhi moja kwa matatu, tofauti ya joto hufika nyuzi nne au zaidi. Mmea wa mahindi haukui kwa kufuata kalenda. Hukua kwa kukusanya joto la kila siku mpaka kiasi kinachohitajika kwa kuchanua kitimie, na palipo na baridi kiasi hicho huchelewa kutimia. Ndiyo maana aina inayokomaa kwa miezi minne Embu huchukua mitano au zaidi ikipandwa juu ya Nyeri, na ndiyo maana maneno "miezi minne" kwenye pakiti hayana maana kamili mpaka yasomwe pamoja na mwinuko ulioandikwa kando yake.

Kipimo cha pili ni mvua. Eneo lote hili lina misimu miwili: masika, yaani mvua ndefu za kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Mei, ambazo Wakikuyu huziita mvua za njahi, na vuli, yaani mvua fupi za kuanzia Oktoba hadi Desemba, ambazo huziita mvua za mwere. Lakini mlima haugawi maji sawasawa. Miteremko ya kusini na mashariki, inayoelekea upepo unaotoka Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi, ilhali upande wa kaskazini na magharibi, kuanzia Kieni kupitia Naro Moru hadi Nanyuki na kuendelea Laikipia, uko katika kivuli cha mvua, yaani eneo ambalo mawingu hulifikia yakiwa yameshamwaga sehemu kubwa ya maji yake upande wa pili wa mlima. Kieni, iliyobanwa kati ya Mlima Kenya na Aberdare, ina baridi ya nyanda za juu na ukame wa nyanda za chini kwa wakati mmoja, na hakuna mahali pagumu zaidi pa kuchagulia mbegu katika kaunti nzima ya Nyeri. Kwa upande mwingine, katika sehemu za chini za mashariki kama Mbeere na Tharaka, vuli hutegemewa kuliko masika, kwa hiyo mkulima wa huko anayeagiza mbegu zake bora mwezi wa Februari na kuridhika na mabaki mwezi wa Septemba ameugeuza mwaka wake juu chini.

Vipimo hivi viwili, joto na mvua, hukutana katika jambo moja ambalo ndilo kiini cha uchaguzi wote: siku ambazo mbegu inazihitaji zilinganishwe na siku ambazo shamba linazo. Siku zenye uzito kuliko zote ni zile za kuchanua, mbelewele, yaani ua dume lililo kileleni mwa mmea, inapomwaga chavua na nyuzi za hariri zinapochomoza kwenye suke ili kuipokea. Kila uzi wa hariri huenda kwenye punje moja, na uzi uliokauka kabla ya kupata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Ukame wa wiki mbili mmea ukiwa mdogo huweza kusahaulika. Ukame wa wiki mbili hizo hizo wakati wa hariri hupunguza mavuno vibaya.

Chukua shamba lililo karibu na mji wa Nyeri, lililopandwa Machi 20. Aina ya muda mrefu ambayo kwa mwinuko huo huchanua karibu siku ya 100 itatoa hariri mwishoni mwa Juni, takriban mwezi mmoja baada ya masika kukatika. Aina ya muda wa kati inayochanua karibu siku ya 80 itatoa hariri wiki ya kwanza au ya pili ya Juni, udongo ukiwa bado na unyevu wa Mei. Tofauti ya siku 20 haionekani kubwa ikitamkwa dukani. Upande wa Othaya na Tetu, ambako Juni na Julai huja na mawingu mazito, manyunyu na baridi inayozuia udongo kukauka haraka, aina ya muda mrefu huvuka salama na kuleta mavuno mazito. Upande wa Kieni, ambako Juni huweza kuwa kavu, mbegu hiyo hiyo katika mwaka huo huo huweza kuacha mabua marefu ya kupendeza yenye magunzi yaliyojaa nusu. Mkulima wa Kieni hulaumu mbegu, au mbolea, na wakati mwingine hulaumu mwenye duka, lakini mbegu ilifanya kilichoandikwa kwenye pakiti.

Namba zilizo kwenye pakiti zina historia, na anayeijua huzisoma kwa urahisi zaidi. Utafiti wa kuzalisha aina bora za mahindi nchini Kenya ulianza Kitale mwaka 1955, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaanzishwa hapo hapo mwaka uliofuata, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Mwaka 1961 ilitolewa aina iliyoitwa Kitale Synthetic II, iliyotokana na mahindi meupe ya walowezi, ambayo nayo yalitoka kwa kiasi kikubwa Afrika ya Kusini na Marekani. Mtafiti Michael Harrison alikuwa amekwenda Amerika ya Kati na Kusini kutafuta mbegu za milimani, na miongoni mwa alizoleta ilikuwamo Ecuador 573. Ilipopandishwa na Kitale Synthetic II, watoto waliwazidi wazazi wote wawili kwa kiasi ambacho hakikutarajiwa, na mwaka 1964 mchanganyiko huo ukatolewa kwa wakulima kwa jina la H611. Herufi H ni ya chotara na tarakimu 6 ni ya nyanda za juu. Kwa hiyo sehemu ya asili ya chakula cha milima ya Kenya ni milima ya Andes, na hili si ajabu, kwa kuwa hali za hewa hufanana kwa mwinuko zaidi kuliko zinavyofanana kwa bara.

Mahindi ya Kitale, hata hivyo, yalitengenezwa kwa mahali penye msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Machi hadi Oktoba au zaidi, ambapo mmea unaweza kukaa shambani miezi minane bila kuona kiu. Mlima Kenya hauna msimu wa namna hiyo. Ndiyo sababu kituo cha utafiti cha Embu, ambacho leo kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, yaani KALRO, kilizalisha mfululizo wake wenyewe, wa tarakimu 5, kwa ajili ya miinuko ya kati yenye misimu miwili: H511 na H512 zikatoka tangu miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na H513 ikafuata mwaka 1995. Katumani, karibu na Machakos, nako kukatolewa aina ya mapema kwa ajili ya nchi kavu, Katumani Composite B, ambayo huwahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Baadaye zikaja chotara za nchi kavu zenye herufi DH, kama DH04, na tangu soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 kampuni nyingine zimeingia na majina yao, yakiwamo ya wanyama, kama Duma 43, ambayo kila mwenye agroveti mlimani anaifahamu.

Kwa makadirio, mfululizo wa 600, hasa H614D ambayo imetamba tangu miaka ya 1980, hupendekezwa kwa mita 1,500 hadi 2,100 na huchukua miezi sita hadi tisa kwa kutegemea baridi. Mfululizo wa 500 hupendekezwa kwa mita 1,000 hadi 1,600 au 1,700 na huchukua miezi minne hadi mitano. Na DH hupendekezwa chini ya mita 1,500, kwa miezi mitatu hadi minne. Atakayetazama tarakimu hizi pamoja na mwinuko wa miji iliyotajwa ataona tatizo la Nyeri lilipo. Mji wenyewe uko mpakani, juu kidogo ya kikomo cha mfululizo mmoja na ndani kabisa ya mfululizo mwingine ambao haukutengenezewa mvua za mji huo. Wilaya ya zamani ya Nyeri haiwezi kuwa na jibu moja la mbegu, na ushauri wowote unaotolewa kwa "wakulima wa Nyeri" bila kuuliza ni Mukurwe-ini ya chini, Othaya ya juu au Kieni unapaswa kutiliwa shaka.

Kuna jambo la tatu ambalo majaribio ya watafiti hulipima kidogo na jikoni hulipima sana. Chakula cha msingi cha nyumba nyingi za eneo hili ni githeri, yaani mahindi mazima yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, na mukimo, ambamo mahindi hupondwa pamoja na viazi na majani ya maboga. Muhindi wa githeri hausagwi, kwa hiyo ukubwa wa punje, wepesi wake wa kuiva na ladha yake huonekana moja kwa moja kwenye sahani, na kuni au gesi inayotumika kuchemsha punje ngumu hulipwa na mama wa nyumba, si na kampuni ya mbegu. Mwenye kuuza mahindi mabichi barabarani kati ya Sagana na Karatina hutazama jambo jingine tena, yaani urefu wa gunzi na kama mistari ya punje imejaa mpaka nchani, kwa sababu anauza kwa gunzi wala si kwa kilo. Na mwenye ng'ombe wawili wa maziwa katika robo ekari ya Tetu huhesabu mabua. Aina fupi ya mapema humpa punje alizotarajia na kumwacha bila chakula cha ng'ombe mwezi wa Agosti, ilhali H614D, kwa urefu wake, hulisha boma zima. Ung'ang'anizi wa wakulima wa Nyeri kwa aina iliyozeeka, ambao wataalamu wakati mwingine huueleza kama uzito wa kukubali mapya, una hesabu ndani yake, na hesabu hiyo aghalabu ni sahihi.

Upungufu wa aina ndefu ni kwamba huchukua shamba. Mahindi yaliyopandwa Machi na kuvunwa mwishoni mwa Septemba au Oktoba hukutana na mvua za vuli, na mkulima hulazimika ama kuvuna yakiwa na unyevu na kukaribisha ukungu, ama kuchelewa kupanda msimu wa pili. Wengi hutatua kwa kung'oa majani ya chini na kupanda maharagwe ya vuli katikati ya mabua yaliyosimama. Kwa shamba la namna hiyo sifa moja ndogo ya mbegu huwa kubwa, nayo ni jinsi maganda yanavyofunika ncha ya suke. Suke lililoinama na kufungwa vizuri humwaga maji nje. Lililo wazi huyapokea kama kikombe, na punje za juu huoza au hupata kuvu wanaotoa sumu kuvu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 katika kaunti za leo za Makueni, Kitui na maeneo jirani.

Swali la chotara au mbegu ya kawaida huulizwa kila mwaka, na jibu lake hutegemea kuelewa chotara ni nini. Mbegu chotara hupatikana kwa kupanda wazazi wawili tofauti katika mistari inayopakana na kuing'oa mbelewele yote ya mistari ya mama kabla haijamwaga chavua, ili kila punje ya mama ipate chavua ya baba pekee. Shamba hilo hutengwa na mahindi mengine kwa mita 200 hivi. Kazi hiyo ya mikono, ambayo kwa ekari nyingi huhitaji vibarua kila siku kwa wiki kadhaa, ndiyo sehemu kubwa ya bei ya pakiti. Nguvu ya chotara iko katika kizazi hicho cha kwanza. Punje zikitunzwa na kupandwa tena, sifa za babu na bibi hutawanyika, mimea mingine hutoka mirefu na mingine mifupi, na mavuno hushuka, kushuka kwenyewe kukitegemea idadi ya wazazi waliotumika. Mbegu za uchavushaji huru, kama Katumani, hazina hasara hiyo kubwa, na mkulima anaweza kutunza mbegu yake kwa misimu kadhaa mradi achague masuke kutoka katikati ya shamba, mimea ikiwa bado imesimama, kutoka kwa mimea mingi isiyoanguka wala kuugua, wala asingoje kuchagua kwenye ghala ambako suke kubwa huenda lilikua peke yake karibu na shimo la samadi. Hadi leo wapo wazee wanaotunza githigu, mahindi ya kienyeji yenye punje za rangi mchanganyiko, katika mistari michache karibu na nyumba, kwa sababu ya ladha yake yakiwa mabichi.

Kutunza na kugawana mbegu za namna hii kuligusa sheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2012 kwa namna iliyofanya uuzaji na hata ubadilishanaji wa mbegu zisizothibitishwa kuwa kosa ambalo adhabu yake ilifika faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Kundi la wakulima wadogo lilipinga mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilitamka kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kutunza na kubadilishana mbegu zao vinakwenda kinyume na Katiba. Hukumu hiyo inamlinda jirani anayempa jirani kibaba cha githigu. Haimlindi anayepaka rangi mahindi ya kula na kuyafunga kwenye pakiti ya kampuni.

Naye huyo wa pili yupo, na hupenda hasa aina zinazotafutwa sana. Kinga ya kwanza ni lebo ya KEPHIS, taasisi ya serikali ya ukaguzi wa afya ya mimea iliyoundwa mwaka 1996, ambayo hubandikwa juu ya pakiti ikiwa na sehemu ya kukwaruzwa. Chini yake kuna namba ambazo mnunuzi huzituma kwa ujumbe mfupi wa simu kwa 1393, naye hujibiwa jina la kampuni, aina ya mbegu, namba ya shehena na tarehe ya kupimwa. Inafaa kufanya hivyo ukiwa bado mbele ya kaunta, kwa kuwa jibu linalotaja aina isiyo ile iliyochapishwa kwenye pakiti halina faida tena nyumbani Mweiga. Mshono wa pakiti uwe haujaguswa, risiti iandikwe jina la aina na namba ya shehena, na mbegu ya kupimwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa isinunuliwe hata kama bei yake inavutia. Rangi ya waridi au ya kijani iliyo kwenye punje ni ya dawa ya kuua kuvu na wadudu. Haithibitishi lolote, kwa sababu rangi hununuliwa popote, na punje hizo ni sumu kwa kuku na kwa watoto.

Mbegu iliyothibitishwa imepata umuhimu zaidi tangu Septemba 2011, ulipoonekana Bomet ugonjwa unaojulikana kwa kifupi cha MLN, unaosababishwa na virusi viwili vinavyoushambulia mmea kwa pamoja na kuukausha kuanzia majani machanga ya katikati. Virusi hivyo huenezwa na wadudu wadogo, na kwa kiwango kidogo hubebwa na mbegu yenyewe, kwa hiyo punje zilizotoka shamba lililougua huweza kuupeleka ugonjwa kwenye bonde ambalo halijauona. Hapa ndipo desturi ya kupanda mahindi masika na vuli bila kupumzisha shamba inapoleta hasara, kwani virusi hupata mmea wa kuishi mwaka mzima. Msimu mmoja wa viazi au maharagwe husaidia kuliko dawa.

Kuhusu kiasi cha kuagiza, hesabu ni fupi. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, huchukua mimea 21,500 hivi, na kilo 10 za mbegu ya ukubwa wa wastani huwa na punje zinazotosha idadi hiyo na kubaki na akiba ya kujazia mapengo. Nyanda za juu, ambako mimea ni mirefu, nafasi huongezwa kufika sentimita 30. Pakiti ya kilo mbili hutosha sehemu ya tano ya ekari. Anayechanganya mahindi na maharagwe au viazi hupunguza, na mashamba mengi ya Nyeri yamechanganywa.

Mwezi wa kuagiza masika ni Januari, au Februari mapema, na hapo ndipo ugumu wa fedha unapojitokeza, kwa kuwa Januari ni mwezi wa karo, na bonasi ya chai, ambayo wakulima wa viwanda vya KTDA huipokea karibu na Oktoba, huwa imeshamalizika. Nyumba zinazopanga vizuri hununua mbegu za Machi kwa fedha za Oktoba, pamoja na zile za vuli. Mbegu iliyohifadhiwa penye ukavu na ubaridi, ikiwa imeinuliwa kutoka sakafuni na haikuwekwa chini ya bati, hukaa miezi hiyo mitano bila tatizo, na hali ya hewa ya Nyeri inafaa kwa hifadhi hiyo kuliko ya Mwea. Wakulima walio katika kikundi, au katika chama cha ushirika kinachotoa pembejeo kwa mkopo, huweza kuagiza pamoja, na agizo la gunia zima la kilo 25 au zaidi humfanya wakala alete aina ambayo kwa pakiti moja moja asingejisumbua nayo. Maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini, yanayofanyika Nyeri mwezi wa Septemba, hutoa nafasi ya kuona aina zilizopandwa bega kwa bega, ingawa mgeni anapaswa kukumbuka kwamba vishamba hivyo humwagiliwa na kupewa mbolea kwa ukarimu ambao shamba lake halitaupata. Kituo cha mafunzo cha Wambugu, nje kidogo ya mji, kina faida hiyo hiyo bila shamrashamra.

Idadi ya magunia kwa ekari iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye mabango ndiyo taarifa dhaifu kuliko zote, na pia ndiyo inayosomwa kwanza. Ni mavuno ya mahali palipochaguliwa na mwaka uliokuwa mzuri. Orodha ya taifa ya aina za mimea inayochapishwa na KEPHIS, ambayo huonyesha mwinuko na muda wa kukomaa wa kila aina iliyopita majaribio ya kitaifa, ni kavu kuisoma lakini haimbembelezi mtu.

Utabiri wa masika hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa kabla ya Machi, wakati mbegu inapaswa kuwa imeshanunuliwa, kwa hiyo njia ya tahadhari ni kugawa agizo: theluthi mbili za aina iliyozoeleka na theluthi moja ya aina inayowahi kwa wiki mbili au tatu. Aina mpya ianze kwa pakiti moja ya kilo mbili, katika mistari ya katikati ya shamba ambako upepo na mizizi ya miti haiharibu ulinganisho.

Wiki mbili kabla ya kupanda, mbegu hujaribiwa nyumbani. Punje 100 zilizochotwa bila kuchagua hupangwa katika mistari 10 ya punje 10 juu ya kipande cha gunia lililoloweshwa, hufunikwa kwa kipande kingine, hukunjwa na kuwekwa mahali penye joto karibu na jiko, zikilowanishwa kila siku. Baada ya siku saba huhesabiwa zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Zikipungua 90 kwenye mbegu ya pakiti, mnunuzi ana la kumwuliza mwenye duka, akiwa na risiti na pakiti yenye lebo mkononi. Zikiwa 75 kwenye mbegu ya kutunza, mashimo hupewa mbegu mbili na miche ya ziada hung'olewa baada ya palizi ya kwanza. Pakiti tupu na konzi moja ya mbegu hiyo hiyo huwekwa mpaka mavuno, kwa sababu malalamiko yanayofika KEPHIS bila namba ya shehena ni vigumu kuyafuatilia.